Mjane Asiye na Kaburi: Ndoa ya Pili na Imani Miongoni mwa Wakimbizi wa Kimennonite, 1937–1956

Neno mjane katika Kiswahili ni jepesi kulitamka kuliko kulieleza. Wengi hulitumia kwa mwanamke aliyefiwa na mumewe. Wengine humwita hivyo hata mwanamume aliyefiwa na mkewe, ijapokuwa lugha inalo neno mgane kwa ajili yake. Walakini matumizi hayo yote yamesimama juu ya msingi mmoja: yuko mtu aliyekufa, na kufa kwake kwajulikana. Katika miji ya pwani eda ya mfiwa huhesabiwa miezi minne na siku kumi tangu siku aliyokufa mume. Kwa Wajaluo wa Nyanza na wa Mara, mjane huitwa chi liel, maana yake mke wa kaburi. Eda yahitaji siku ya kuanzia kuhesabu, na mke wa kaburi ahitaji kaburi.

Makala haya yanachunguza habari za wanawake waliokosa vyote viwili. Ni Wamennonite wa kusini mwa Urusi ya zamani, nchi ambayo leo ni Ukraine. Waume zao walichukuliwa kati ya miaka 1937 na 1945 wasirudi wala kusikika. Wengi wa wanawake hao walifika Paragwai na Kanada baada ya vita, na huko baadhi yao walipata waume wengine na kuujenga upya uhusiano wao na kanisa. Neno linalotakiwa kuonyeshwa ni kwamba mambo hayo mawili, ndoa na imani, hayakuweza kutengana. Swali la nani aweza kuolewa lilikuwa pia swali la nani aweza kuaminiwa na kanisa anapoyashuhudia maisha yake mwenyewe.

I. Desturi ya ujane kabla ya maafa

Wamennonite walipata jina lao kwa Menno Simons, padri wa Friesland katika Uholanzi, aliyeuacha upadri mwaka 1536 na kufa mwaka 1561. Harakati yenyewe ilianza Zürich mwaka 1525, watu wazima walipobatizwa kwa kuikiri imani yao wenyewe. Waliukataa ubatizo wa watoto wachanga, na wengi wao walikataa kushika silaha. Kadhalika walishika kwamba kanisa ni jamaa ya watu wanaoonyana na kuwajibishana. Kwa hiyo ndoa haikuwa mapatano ya wawili peke yao. Ilifungwa mbele ya kusanyiko, na kusanyiko likawa na haki ya kuuliza habari zake.

Ujane ulikuwa nao tangu mwanzo kwa sababu ya mateso. Soetken van den Houte, aliyeuawa huko Ghent mwaka 1560, alikuwa mjane wa mtu aliyeuawa kabla yake kwa imani hiyo hiyo, naye aliwaachia watoto wake waraka wa mausia. Waraka huo na habari nyingine za namna hiyo zilihifadhiwa katika kitabu kikubwa cha mashahidi kilichotungwa na Thieleman van Braght na kuchapishwa mwaka 1660, nacho kilisomwa katika nyumba za Wamennonite kizazi baada ya kizazi. Hivyo picha ya mwanamke aliyebaki peke yake pamoja na watoto, asiyeikana imani, haikuwa ngeni kwao.

Kutoka Uholanzi wengi walihamia bonde la mto Vistula, na kutoka huko, kwa mwaliko wa Malkia Catherine wa Urusi, wakaenda kusini mwa dola yake. Makazi ya Chortitza yalianzishwa mwaka 1789, na ya Molotschna mwaka 1804. Nyumbani walisema Plautdietsch, lugha waliyoichukua Vistula, na kanisani walitumia Kijerumani sanifu. Kiongozi mkuu wa kanisa aliitwa Ältester, neno ambalo Mswahili angelifasiri bila shida: mzee.

Katika makazi hayo palikuwa na chombo kilichoitwa Waisenamt, yaani ofisi ya mayatima. Mume akifa, nusu ya mali ilibaki kwa mkewe, na nusu ya pili iligawanywa kwa watoto sawasawa, wa kike kama wa kiume. Waliwekwa wasimamizi wa kuangalia haki zao. Mjane hakuweza kuolewa tena mpaka fungu la watoto limekwisha kutengwa na kuandikwa. Baada ya hapo ndoa ya pili haikuonekana aibu. Kwa kweli ilitazamiwa, na mara nyingi haikukawia, maana shamba lilihitaji mikono miwili na watoto walihitaji mzazi wa pili. Njia ya ndoa ya pili ilikuwa na hatua zinazojulikana: kifo, mgawanyo wa mali, tangazo kanisani, kisha harusi. Taratibu hiyo ilifanya kazi zaidi ya karne moja kwa sababu hatua yake ya kwanza haikuwa na shaka.

II. Miaka ya kutoweka

Mapinduzi ya mwaka 1917 yalifuatwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, na vijiji vya Wamennonite vilishambuliwa na majeshi ya Nestor Makhno. Njaa ilifuata mwaka 1921 na 1922. Wamennonite wa Marekani waliunda Kamati Kuu ya Wamennonite mwaka 1920 ili kuwasaidia ndugu zao. Mmoja wa wajumbe wake wa kwanza, kijana Clayton Kratz, alikamatwa huko Molotschna mwaka huo huo asionekane tena. Mwenzake katika safari hiyo, Orie O. Miller, alirudi salama. Jina lake litatajwa tena mwishoni mwa makala haya.

Kati ya 1923 na 1930 Wamennonite wapatao 20,000 waliondoka kwenda Kanada. Waliobaki waliingizwa katika mashamba ya pamoja. Makanisa yalifungwa, yakageuzwa maghala au majumba ya michezo. Wahubiri walinyang'anywa haki za raia, na wengi wakapelekwa uhamishoni. Kisha ukaja mwaka 1937. Katika mwaka huo na uliofuata polisi walikuja usiku, wakachukua wanaume kijiji hata kijiji. Wanawake walipokwenda kuuliza, waliambiwa mara nyingi kwamba mfungwa amehukumiwa miaka kumi bila haki ya kuandikiana barua. Leo yajulikana kwamba maneno hayo yalikuwa sitara: mara nyingi mtu aliyetajwa hivyo alikuwa amekwisha kupigwa risasi. Lakini mke aliyeyasikia angewezaje kujua? Aliambiwa miaka kumi, naye akahesabu miaka kumi.

Mwaka 1941, Ujerumani ilipoivamia Urusi, serikali ya Stalin iliamuru watu wa asili ya Kijerumani wahamishwe kwenda mashariki. Chortitza, iliyokuwa magharibi ya mto Dnieper, ilitwaliwa na jeshi la Ujerumani mwezi wa Agosti kabla amri haijatekelezwa. Upande wa mashariki, huko Molotschna, wanaume wa makamo na vijana walikusanywa wakapelekwa mbali, na wengi waliishia katika kambi za kazi. Wanawake na watoto wa vijiji kadhaa walikuwa wakingoja kwenye vituo vya reli jeshi la Ujerumani lilipofika. Baadaye, wakati wa utawala wa Wajerumani, vijana waliosalia waliandikishwa askari, na wengi wao walipotea vitani.

Wakimbizi walikuwa na neno lao kwa waliochukuliwa: verschleppt, yaani waliokokotwa. Neno hilo halisemi kwamba mtu amekufa, wala halisemi kwamba yu hai. Latoa habari ya tendo alilofanyiwa na kunyamaza juu ya mwisho wake. Mke wa mtu aliyekokotwa hakuwa na jina katika taratibu ya Waisenamt, na taratibu yenyewe ilikuwa imekwisha kuvunjwa.

III. Imani bila wachungaji

Katika miaka ambayo makanisa yalifungwa, dini ilibaki jikoni na kitandani. Mama na bibi waliwafundisha watoto sala kwa sauti ya chini, wakawaonya wasizitaje shuleni. Wengine hawakuthubutu hata hivyo, maana mtoto huropoka. Hivyo kilikua kizazi ambacho kilisikia habari za kanisa bila kuliona. Jeshi la Ujerumani liliporuhusu ibada tena mwaka 1941, wahubiri waliobaki walikuwa wachache sana. Wanawake waliongoza nyimbo, wakasoma, wakaomba mbele ya watu. Na watu wengi walibatizwa kwa pamoja, mama na mtoto wake mkubwa wakiungama mara moja.

Haifai mwandishi wa historia apite hapa kana kwamba furaha ile haikuwa na kivuli. Utawala ulioyafungua makanisa ya Wamennonite ndio uliowaua Wayahudi wa nchi hiyo hiyo, pamoja na majirani waliokuwa wakiishi karibu na vijiji vyao. Wako Wamennonite walioshiriki katika utumishi wa utawala huo, na wako waliopewa vitu na nyumba za waliofukuzwa au kuuawa. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeyaweka wazi mambo ambayo kumbukumbu za wakimbizi ziliyanyamazia kwa muda mrefu. Mateso ya wajane hayaondoi habari hiyo, wala habari hiyo haiyafuti mateso yao. Zote mbili ni sehemu ya historia moja.

Mwaka 1943 jeshi la Ujerumani liliporudi nyuma, Wamennonite wapatao 35,000 waliondoka pamoja nalo kuelekea magharibi, wengi wao kwa magari ya farasi, katika mvua na matope. Wengi wa watu wazima katika misafara hiyo walikuwa wanawake. Walikaa kwa muda katika sehemu za Poland zilizotwaliwa na Ujerumani, mara nyingi katika nyumba ambazo Wapolandi walikuwa wamefukuzwa. Mwaka 1945 walikimbia tena. Jeshi la Urusi liliwafikia wengi. Wanawake walitendewa jeuri ambayo hawakuweza kuieleza hata kwa miaka mingi. Takriban theluthi mbili ya wale 35,000 walirudishwa Urusi, wakapelekwa Siberia na Asia ya Kati. Waliosalimika magharibi walikuwa kama 12,000.

IV. Safari ya Paragwai

Wakimbizi hao walipewa msaada na Kamati Kuu ya Wamennonite. Watumishi wake waliojulikana zaidi walikuwa Peter Dyck na mkewe Elfrieda, ambao wenyewe walizaliwa Urusi na kuhamia Kanada wakiwa watoto katika miaka ya 1920. Kambi zilifunguliwa Berlin, Gronau na Backnang. Huko watu walipata chakula na nguo. Palikuwa na ibada za kila juma, shule, na madarasa ya kuwaandaa watu kwa ubatizo.

Wengi walitamani kwenda Kanada kwa jamaa zao, lakini Kanada ilitaka mdhamini na cheti cha afya. Mwanamke mwenye mtoto mgonjwa wa macho au wa mapafu aliweza kukataliwa. Paragwai haikuwakataa wazee, wagonjwa wala wajane. Sheria yake nambari 514 ya mwaka 1921 iliwapa Wamennonite uhuru wa dini na kuwasamehe utumishi wa jeshi. Kwa hiyo ni hasa jamaa zilizokosa wanaume zilizoelekezwa nchi ambayo kazi yake ilikuwa ngumu kuliko zote.

Tarehe 1 Februari 1947 meli ya Kiholanzi Volendam iliondoka Bremerhaven na wakimbizi zaidi ya 2,300, wakiwamo watu wa kambi ya Berlin waliopita kwa treni katika eneo la Warusi dakika za mwisho. Ilifika Buenos Aires mwezi huo huo. Mwezi uliofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Paragwai, na wengi wakakwama katika mahema. Baadaye walisafiri kwa mashua hadi Puerto Casado, kisha kwa reli nyembamba kilomita 145 ndani ya nyika ya Chaco, na mwisho kwa magari ya kukokotwa. Makazi mawili mapya yalianzishwa mwaka 1947: Volendam, mashariki ya mto Paraguay, na Neuland, katika Chaco, karibu na makazi ya Fernheim ambayo yalianzishwa na wakimbizi wa mwaka 1930.

Katika Neuland zaidi ya theluthi moja ya jamaa zilizoandikwa hazikuwa na baba. Kijiji kimoja, Friedensheim, kilipewa lakabu ya kijiji cha wanawake. Walifyeka vichaka vya miiba, wakafyatua matofali ya udongo, wakachimba visima katika nchi ambayo maji yake mara nyingi ni ya chumvi, wakalima karanga, pamba na mtama kwa majembe ya kukokotwa na maksai. Watu wa Fernheim walikuja kusaidia na kuwapokea wageni katika nyumba zao. Vijana wa miaka 14 au 15 walifanya kazi za baba zao. Hapo ndipo swali la ndoa lilipotoka katika nyoyo na kuwekwa mezani.

V. Shauri mbele ya wazee

Ili kulielewa shauri hilo yafaa kuzitenga hali nne ambazo wazee wa kanisa walizikuta mbele yao. Kwanza, mwanamke ambaye mume wake alikufa na mashahidi walikuwapo. Huyu hakuwa na kizuizi. Pili, mwanamke ambaye mumewe alichukuliwa mwaka 1937 au 1938, na tangu hapo hapakuwa na neno. Tatu, yule ambaye mumewe alikokotwa mwaka 1941 au kupotea jeshini, ambaye huenda alikuwa kambini. Nne, yule aliyejua kwamba mumewe yu hai upande wa pili wa mpaka, lakini hana tumaini la kumwona. Wanaume nao walikuwamo, maana wako walioponea magharibi ilhali wake zao walirudishwa Siberia.

Waliopinga ndoa walitegemea mafundisho ya Mtume Paulo kwa Warumi na kwa Wakorintho, kwamba mke amefungwa kwa mumewe maadamu mume yu hai. Hawakuwa watu wasio na huruma. Waliogopa kwamba kanisa likishabariki ndoa, na mume wa kwanza akatokea, litakuwa limemwingiza mtu katika uzinzi kwa mkono wake lenyewe. Waliotaka kulegeza walikumbusha kwamba Paulo huyo huyo, katika waraka wake wa kwanza kwa Timotheo, aliwashauri wajane vijana waolewe. Wakauliza tena: je, miaka kumi ya kimya si ushahidi?

Mifano ya kisheria haikukosekana. Nchi zinazofuata asili ya sheria ya Kiingereza zilizoea kudhani kifo baada ya miaka saba ya kutosikika. Mafakihi wa Kiislamu nao walilijua tatizo hili tangu kale chini ya jina la mafqud, mtu aliyepotea. Katika kauli ya zamani ya Imamu Shafii mke wake hungoja miaka minne kisha hukaa eda. Katika kauli yake mpya hungoja mpaka kifo kiwe yakini. Yafaa kuangalia kwamba mwanachuoni mmoja aliweza kushika kauli mbili zinazopingana juu ya jambo hili. Kumbe ugumu wa Wamennonite haukutokana na upungufu wa elimu yao. Umo katika jambo lenyewe.

Makanisa hayakufikia jibu moja, na huko Kanada pia, walikohamia Wamennonite kama 8,000 katika miaka ile, mabaraza yalijadili bila kuafikiana upesi. Wengine walidai ushahidi wa kifo, wengine waliuridhia muda mrefu wa kutosikika, na wengine waliacha kila shauri lipimwe peke yake. Waliooana bila idhini, au waliokuwa wamekwisha kuishi pamoja tangu safari za vita, waliweza kutengwa na meza ya Bwana. Kwa watu waliokosa meza hiyo katika miaka ya Stalin na kuitamani, adhabu hiyo haikuwa ndogo. Mwanamke aliyerudishiwa kanisa aliona sasa kwamba aweza kulipoteza kwa sababu ya kutaka mwenzi.

Hapa Kiswahili chaweza kutoa nuru ambayo Kijerumani hakina. Katika lugha ya Biblia ya Kiswahili, mapenzi ya Mungu ni matakwa yake, na mapenzi ya mtu kwa mwenzi wake huitwa kwa neno hilo hilo. Kijerumani hutenga Wille na Liebe. Lakini swali la wajane wa Neuland lilikuwa hasa kwenye mpaka wa maana hizo mbili: je, mapenzi yaliyozaliwa kwao baada ya umri wa miaka 35 au 40, kwa mgane wa kijiji cha jirani aliyekuja kurekebisha plau, yamo ndani ya mapenzi ya Mungu au yako nje yake?

Kwa nje mapenzi hayo yalionekana ya kawaida mno. Walikutana kisimani, katika kwaya na katika kuvuna karanga. Mara nyingi kila mmoja alikuwa na watoto, na wa pande zote mbili walikuwa na wafu au waliopotea ambao majina yao yaliendelea kutajwa katika sala ya jioni. Mume mpya hakutazamiwa kulifuta jina la wa kwanza. Mwenye kudhani kwamba ndoa kama hizo zilikuwa za shamba tu, hazikuwa za moyo, amezitenga kazi na huruma kwa namna ambayo watu hawa hawakuzitenga. Katika nyika ile, mtu aliyemchimbia mwenzake kisima alikuwa amesema neno zito.

Na hapa ndipo imani ilipofanywa upya kwa namna isiyotazamiwa. Ili shauri lipimwe, ilimpasa mwanamke aeleze: ni usiku gani mumewe alichukuliwa, nani walikuwapo, aliuliza wapi, aliambiwa nini, alingoja miaka mingapi. Kwa mara ya kwanza mambo hayo yalisemwa mbele ya watu wa kanisa, na watu wa kanisa wakalazimika kuyasikiliza. Wengi walikuwa wamenyamaza kwa hofu ya polisi, kisha kwa aibu ya mambo ya 1945, kisha kwa uchovu. Mahali ambapo wazee walimwamini mwanamke, alirudi katika kanisa akiwa shahidi. Mahali ambapo walimhoji kama mshitakiwa, wako waliolipa kisogo kanisa, au waliobaki humo kwa mwili tu. Tofauti kati ya hayo mawili haikutegemea sana uamuzi wenyewe. Wako waliokatazwa ndoa wakabaki na amani kwa kuwa walisikilizwa; na wako walioruhusiwa, lakini kwa maneno yaliyowaacha na jeraha.

VI. Barua kutoka mashariki

Tarehe 13 Desemba 1955, miezi michache baada ya safari ya Waziri Mkuu Konrad Adenauer kwenda Moscow, serikali ya Urusi ililegeza amri iliyowafunga Wajerumani katika makazi maalumu ya Siberia na Asia ya Kati. Barua zikaanza kupita kwa wingi kuliko zamani, nyingine kwa msaada wa Msalaba Mwekundu. Kwa jamaa nyingi zilileta furaha. Kwa baadhi zilileta jambo ambalo wazee waliliogopa: mume aliyedhaniwa amekufa alikuwa hai, naye amuuliza mkewe hali.

Matokeo hayakuwa ya namna moja. Wako wanaume waliokuwa wameoa tena huko walikohamishiwa, kwa kuwa wao nao waliambiwa kwamba jamaa zao zimeangamia. Wako wanawake waliokuwa wamengoja bila kuolewa, wakaendelea kungoja miaka mingine mingi mpaka mpaka ulipofunguka. Na wako waliokuwa wameolewa kwa idhini ya kanisa, wakajikuta na waume wawili walio hai na dhamiri moja. Katika miaka hiyo hiyo serikali ya Urusi ilianza kutoa vyeti vya vifo kwa jamaa za waliouawa mwaka 1937 na 1938. Lakini kwa maagizo ya mwaka 1955 tarehe na sababu za kifo zilizoandikwa mara nyingi zilikuwa za uongo. Hata kaburi la karatasi lilipopatikana, halikuwa kaburi la kweli.

Habari hizo zaonyesha kwamba wazee waliosita hawakusita bure. Lakini zaonyesha pia kwamba kungoja yakini kungalikuwa kungoja kitu ambacho serikali ilikuwa imeazimia kisipatikane. Kanisa lilihukumu kwa ushahidi uliokuwapo, na ushahidi huo ulikuwa maneno ya wanawake.

VII. Ulinganifu na Shirati

Orie O. Miller, aliyetoka salama Urusi mwaka 1920, alifika Tanganyika mwaka 1934 pamoja na Elam Stauffer, aliyetumwa na bodi ya misheni ya Wamennonite wa Lancaster, Pennsylvania. Misheni ya Shirati, kaskazini ya Musoma, ilianzishwa mwaka huo. Miller huyo huyo alikuwa miongoni mwa viongozi wakuu wa Kamati iliyowapeleka wakimbizi Paragwai. Basi makanisa ya Mara na makazi ya Neuland yana uhusiano wa watu, si wa fikira tu.

Huko Shirati tatizo lilikuja kwa upande mwingine. Chi liel alikuwa na kaburi, tena kaburi lilimfunga: kwa desturi alibaki mke wa marehemu, na ndugu wa marehemu aliingia nyumbani mwake ili nyumba isizimike na watoto wazaliwe kwa jina la aliyekufa. Kanisa lilifundisha ndoa ya mume mmoja na mke mmoja, hivyo mjane Mkristo aliyekataa kurithiwa na mtu mwenye mke alipoteza ulinzi wa ukoo. Uamsho uliofika Shirati mwaka 1942, ambao chanzo chake kilikuwa Rwanda na Uganda, uliwapa wengi jamaa nyingine. Waliookoka waliitana ndugu na dada bila kujali kabila wala ukoo, na waliungama mbele ya wenzao kwa sauti. Zedekia Kisare, aliyewekwa kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo mwaka 1967, alikuwa mtu wa uamsho huo.

Mwanamke wa Neuland alikosa kaburi, na mwanamke wa Shirati alikuwa na kaburi lililomshika. Wote wawili walihitaji jamaa ambayo ingeyakubali maneno yao juu ya maisha yao. Katika Neuland jamaa hiyo ilipatikana, pale ilipopatikana, katika kikao cha wazee waliojifunza kusikiliza. Katika Mara ilipatikana katika ushirika wa waliookoka. Historia ya Wamennonite imezoea kuandikwa kwa majina ya wazee, meli na mabaraza. Habari za wajane zataka isomwe pia kwa maneno ambayo watu walitumia, na kwa maneno ambayo hawakuwa nayo. Neno mjane lenyewe, kama lilivyo katika kamusi zetu, laweza kupanuliwa maelezo yake ili limjumuishe yule ambaye mumewe hakufa mbele ya macho ya mtu, wala hakurudi.